Wageni Waliona Nini Nyumbani Mwako?

Andiko: Isaya 39:1-8
Soma pia: Mwanzo 9:20-23, Nehemia 2:11-16, Mathayo 6:6

 

Mfalme Hezekia alikuwa mcha Mungu. Hilo tuliweke mbele mapema, mtu asije akasema andiko hili linawahusu watu wa dunia. Alibomoa mahali pa sanamu. Jeshi la Ashuru lilipoizunguka Yerusalemu, aliichukua ile barua ya vitisho akaikunjua mbele za Bwana. Na alipougua karibu kufa, alilia, Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Huyu si mtu mchanga katika imani.

Ndipo wakaja wageni. Merodak-Baladani, mfalme wa Babeli, alisikia kwamba Hezekia alikuwa mgonjwa na amepona, akatuma watu na barua na zawadi. Salamu za pole, na zawadi juu yake. Nani angewafungia mlango? Hezekia akafurahi, akawatembeza. Akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani, na nyumba nzima ya silaha. Biblia inatuambia hakuna alichobakisha, si ndani ya nyumba yake wala katika ufalme wake wote.

Wageni walipoondoka, nabii Isaya akaja na maswali matatu mafupi. Watu hao walisema nini? Wametoka wapi? Wameona nini ndani ya nyumba yako?

Sasa angalia jambo moja hapo. Isaya hakuuliza wameiba nini. Siku ile hawakuiba kitu. Hazina ilikuwa palepale, hata sarafu moja haikupungua. Waliona tu. Na kule kuona kulitosha.

Ukiibiwa mbuzi, asubuhi unaikuta kamba tupu na unapiga kelele. Lakini mtu akichukua namba yako ya kitambulisho, namba bado unayo. Akinakili picha zako, picha bado ziko kwa simu. Hakuna kamba tupu ya kukushtua. Ndiyo maana tunalala usingizi wakati nyumba imeshatembelewa. Wazee wetu wa Ukambani walijua kukaribisha. Mgeni alipewa muthokoi akala akashiba. Lakini kupanda kwenye ikumbi kuhesabu mavuno? Hapana. Ghala la nyumba lilikuwa na mwenyewe.

Leo nataka tuyachukue maswali ya Isaya, tuyaulize kuhusu simu zetu, na kuhusu hizo kampuni na watu tunaowapa mambo yetu wayahifadhi.

SWALI LA KWANZA: WALISEMA NINI?

Wageni wa Babeli walisema maneno matamu. Na wa leo ni vivyo hivyo. "Mkopo wa dakika mbili, bila dhamana." Mtu wa Kathonzweni ambaye ndengu zimekauka shambani, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, anasikia maneno hayo kama jibu la maombi. Simdharau mtu aliyekopa. Najua Januari ya huku inavyokuwa.

Lakini nisikilize vizuri. Wanasema hakuna dhamana. Dhamana ipo. Unapoweka ile programu kwa simu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote ulizonazo. Unabonyeza "kubali" kwa haraka kwa sababu karo inangoja. Umeweka rehani mama yako, mwenyekiti wa chama chako, mwalimu wa mtoto wako na mchungaji wako. Hukuweka shamba wala ng'ombe. Umeweka watu.

Kuna dada mmoja wa kanisa hili. Sitamtaja, na tafadhali usikae hapo ukikisia. Niliomba ruhusa yake niseme haya machache, akanipa. Alikopa shilingi elfu tatu. Siku ya kulipa ikapita kwa siku tisa. Simu zikaanza. Hazikuanza kwake, zilianza kwa watu wake. Mimi pia nilipigiwa. Sauti ya kijana nisiyemjua ikaniuliza kama namfahamu mama fulani, na kwamba nimwambie alipe kabla hajaaibishwa. Nikamuuliza, "Kijana yangu, namba yangu umeitoa wapi?" Akakata simu.

Deni lile dada alilipa wiki iliyofuata. Lakini Jumapili tatu hakuonekana kanisani. Nilipomtembelea aliniambia: "Mchungaji, deni nimemaliza. Sasa niambie, nitaanza kuangalia nyuso za watu wangapi?"

Wapendwa, jambo hili serikali yenyewe ililiona. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza mkopeshaji kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili awatumie watu wake ujumbe akichelewa kulipa. Zinakataza vitisho na matusi. Na Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua kwa simu na jumbe za vitisho. Kwa hiyo yule dada hakuwa anawaza tu. Na wewe uliyepigiwa simu ya deni lisilo lako, haki yako pia iliguswa.

SWALI LA PILI: WAMETOKA WAPI?

Hezekia alijibu kwamba wametoka nchi ya mbali, kutoka Babeli. Alijua jina la nchi. Hakujua nia.

Leo tunaambiwa picha na makaratasi yetu yanahifadhiwa "kwenye wingu". Neno zuri, kama mvua inakuja. Hakuna wingu. Kuna jumba lenye kompyuta, mara nyingi nchi nyingine, na kompyuta hizo ni mali ya kampuni. Unachoweka huko umekiweka nyumbani kwa mtu. Sisemi ni dhambi. Simu ikianguka kisimani, picha ya marehemu baba yako inaweza kubaki kwa sababu ilihifadhiwa huko. Ni msaada. Lakini ukimpa mtu kitu akuwekee, ni amana, na amana huulizwa: nani ameshika, anaitumia kwa nini, na nikitaka anirudishie au aifute, atafanya hivyo?

Wakati mwingine Babeli haiko mbali. Iko saiba pale mtaani. Mzee anataka kufungua eCitizen, kijana anataka kuomba HELB, mama anataka namba ya KRA. Kijana wa saiba anafungua akaunti, anachagua neno la siri yeye mwenyewe, analiandika kwenye daftari lake, na wengine hutumia hata namba zao za simu. Sisemi vijana hao ni wezi. Wengi ni watoto wetu, na wametusaidia. Lakini jiulize, ufunguo wa nyumba yako uko kwa nani? Daftari hilo likipotea, ni familia ngapi zimepotea nalo?

Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya waliangalia kwenye mtandao wa serikali wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kila mtu akauliza, namba yangu ya kitambulisho walipata wapi? Fikiria mwenyewe ni mara ngapi umeiandika: kwa lango la jengo, kwa wakala wa pesa, kwa harambee, kwa mkutano uliopewa soda. Kila daftari ni mlango.

SWALI LA TATU: WAMEONA NINI?

Hapa ndipo moyo wa ujumbe wangu ulipo. Isaya alipotoa hukumu, alitaja vitu vyote vilivyokuwa nyumbani kwa Hezekia, pamoja na vile baba zake walivyoweka akiba. Umesikia? Baba zake. Hezekia alionyesha vitu ambavyo havikuwa vyake peke yake. Alikuwa mtunzaji tu.

Simu yako ina majina mia tatu. Hayo si majina yako. Ni watu walioamini mkono wako. Kuna namba ya msichana aliyekimbia ndoa ya kipigo na hataki ajulikane yuko wapi. Kuna picha ya cheti cha hospitali alichokutumia ndugu yako. Kuna hati ya shamba ambalo kesi yake ya urithi haijaisha. Ukisema, "mimi sina cha kuficha, wachukue tu," umejibu kwa niaba ya watu mia tatu ambao hukuwauliza.

Mtu atasema, "Mchungaji, Mungu anaona yote, kwa nini tufiche?" Ndiyo, Mungu anaona yote. Lakini Mungu akiona, anafunika. Yesu mwenyewe ametufundisha kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango tunapoomba. Nehemia alipofika Yerusalemu aliamka usiku, akazunguka ukuta na watu wachache, hakumwambia mtu yeyote alichowekewa na Mungu moyoni mpaka wakati ulipofika. Mlango uliofungwa si dalili ya dhambi. Wakati mwingine ni dalili ya hekima.

Sasa turudi hapa ndani, kanisani. Nuhu alilala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje akawaambia wengine. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Wote watatu ni ndugu wa nyumba moja. Tofauti yao ni kitu kimoja: mmoja alipeleka habari, wawili walipeleka nguo.

Ujumbe wa kumwaibisha yule dada ulifika kwa simu za washirika kadhaa. Wako waliofuta palepale, na mmoja alimtumia shilingi mia tano bila kusema neno. Hao ni Shemu na Yafethi. Wako waliousukuma kwa kundi lingine, wakaandika chini, "Tumwombee." Ndugu yangu, kuomba hakuhitaji picha ya deni la mtu. Mungu anamjua hata usipompelekea ujumbe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja mambo ya mtu ambayo ni nyeti kuliko mengine: afya yake, imani yake, hali ya ndoa, mali, majina ya wazazi na watoto wake, alama za mwili wake. Soma orodha hiyo polepole. Ni orodha ya maombi ya Jumatano! Kila kitu ambacho sheria inasema kilindwe sana, sisi tunacho kwa kundi la WhatsApp lenye watu wengi, na wengine walishahama kanisa miaka miwili iliyopita. Kanisa ni ghala kubwa la siri za watu. Tukilifungua ovyo, hatuna haki ya kulia kuhusu Babeli.

JIBU LA HEZEKIA

Isaya akamwambia kwamba siku zinakuja, hazina yote itabebwa, na baadhi ya wanawe watachukuliwa kutumika katika jumba la mfalme wa Babeli. Na Hezekia akajibu nini? Akaona ni sawa tu, kwa kuwa katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Jibu hilo linaniumiza kila ninapolisoma. Zaidi ya miaka mia moja ikapita, na Babeli ikaja kweli. Waliolipa hawakuwa wale waliofungua mlango.

Julai 2023, pale KICC Nairobi, maelfu ya watu walipanga foleni wachunguzwe macho kwa mashine ya Worldcoin. Zawadi ilikuwa sarafu 25 za kidijitali, kama shilingi elfu saba hivi wakati ule. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025, Mahakama Kuu ikaamua kwamba data hiyo ya miili ya watu ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wengine wenu mliniuliza wakati ule kama hiyo ndiyo alama ya mnyama, kama mlivyouliza 2019 wakati wa Huduma Namba. Leo sihubiri Ufunuo 13. Hofu si hekima. Mtu anaweza kuogopa namba ya mnyama, na bado akampa mgeni namba yake ya siri ya pesa. Mimi nasema jambo dogo zaidi na la karibu zaidi: neno la siri likijulikana, utabadilisha. Jicho utabadilisha wapi? Na mtoto aliyewekwa picha kwa mtandao leo, ambaye hakuulizwa, atalibeba jambo hilo akiwa na miaka arobaini. Mwaka uleule wa 2023 shule moja Nairobi, Roma School, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ililipishwa. Je, kanisa ni nani hata liachwe?

Usiseme, "katika siku zangu kuna amani." Watoto wako ndio watakaofungua mlango siku hiyo Babeli ikibisha.

TUFANYE NINI?

Kwanza nyumbani. Kabla ya kubonyeza "kubali," uliza maswali matatu ya Isaya. Programu ya mkopo ikitaka orodha ya namba zako, kataa, na uangalie kama mkopeshaji huyo yumo katika orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Ukienda saiba, tumia namba yako ya simu, andika neno la siri kwa mkono wako, na hakikisha akaunti imefungwa kabla hujaondoka. Mzee asiyeona vizuri aende na mjukuu anayemwamini. Zile namba sita zinazokuja kwa ujumbe, usimpe mtu yeyote, hata akijiita mchungaji. Hasa akijiita mchungaji! Weka namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp yako. Na kabla ya kuuza simu au kumpa mtu, ondoa akaunti zako na ufute kila kitu.

Ukidhulumiwa, usinyamaze. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa maandishi, au hata kwa mdomo, nao wanapaswa kukuandikia. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku tisini. Yule mama asiyejua kuandika naye ana mlango.

Kisha kanisani. Wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana hivi, kuanzia Jumapili ijayo. Ombi la ugonjwa, deni au ndoa halitaandikwa tena kwa kundi la kanisa. Utamwambia mzee wa zamu, na litaombewa katika chumba cha maombi, mlango umefungwa. Daftari la washirika litakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na halitapewa mwanasiasa wala mfanyabiashara. Picha za watoto wa Shule ya Jumapili hazitawekwa mtandaoni mpaka mzazi akubali, na akikataa hataulizwa sababu. Waliohama wataondolewa kwa kundi kwa heshima.

Na jambo la mwisho, ambalo haliwezi kuwekwa kwa kanuni. Yule dada amerudi. Yuko kati yetu leo, nanyi hamjui ni nani, na ibaki hivyo. Kama ujumbe ule bado uko kwa simu yako, toa simu sasa hivi, hapo ulipo, uufute. Usiusome tena. Tembea kinyumenyume na nguo mkononi.

Tuombe.

Baba, wewe unajua yaliyo ndani ya vyumba vyetu, na hukututangaza. Uliona uchi wetu, ukatuvika kwa damu ya Mwanao. Tufanye watunzaji waaminifu wa majina uliyotupa. Walioaibishwa, wainue nyuso zao. Wanaokopa kwa machozi, wafungulie mlango mwingine. Na nyumba hii iwe mahali ambapo mtu akileta siri yake, anaikuta salama akirudi. Katika jina la Yesu.

Kanisa lote liseme: Ameni.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Isaya aliuliza wageni wameona nini, hakuuliza wameiba nini. Kwa nini?
2. Ni amana gani ya mtu mwingine iliyo ndani ya simu yako leo?
3. Mara ya mwisho ulipopata habari ya aibu ya ndugu, ulipeleka habari au ulipeleka nguo?